Mvunja baa wa Sheffield na majivu ya mume wa Bi Enid

Saa mbili asubuhi Royston Birtles amepiga magoti mbele ya meko ya baa ambayo haitauza bia tena. Mtaimbo umelala sakafuni kando ya goti lake, lakini hajaugusa. Anamtazama mwanamke aliyetumwa na kampuni iliyonunua jengo, na kwa mara ya pili anamwuliza kama kuna mtu yeyote aliyewekwa humu ndani.

"Kuwekwa vipi?" mwanamke anauliza.

"Kuzikwa. Majivu yake."

"Hii ni baa, bwana."

"Ndiyo maana nauliza."

Nyuma ya kaunta, shemeji yake Neville Crookes anafungua skrubu za mipini ya pampu za bia. "Muulize na paka wa jirani," anasema bila kuinua kichwa. "Huenda naye ana marehemu wake hapa."

Royston hacheki. Anatoa simu, anampigia mama aliyekuwa akiiendesha baa hii, ambaye sasa anaishi kwa bintiye pwani, na kumwuliza swali lile lile. Ni baada ya kuambiwa hapana ndipo anaposhika mtaimbo na kuinua kigae cha kwanza. Anakiinua polepole, kama mtu anayefunua sufuria isiyo yake.

Birtles, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, ni mvunja baa. Baa ikifungwa, yeye huitwa kabla ya wabomoaji. Hung'oa kaunta, vioo vya nakshi, mabenchi, meko na vigae, na kuviuza kwenye uwanja wake chini ya matao ya reli. Wanunuzi wake ni wenye migahawa ya London na miji mingine, watu wanaotaka baa zao mpya zionekane zimezeeka. Wiki nzuri humwingizia pauni mia sita. Wiki mbaya humwachia mafuta ya gari tu.

"Kazi haikosekani," anasema. "Mji huu ulikuwa na baa kama mtu alivyo na vidole. Sasa vinakatwa kimoja kimoja, na mimi ndiye wa kuchukua pete."

Baa hizo zilizaliwa na joto. Mtu aliyeshinda mbele ya tanuri la chuma alitoka amekauka kama kuni, na hakwenda nyumbani kabla ya kulowesha koo. Kila lango la kiwanda likawa na baa yake. Wenye baa walizijua saa za king'ora. Bia zilijazwa na kupangwa kwenye kaunta kabla hakijalia, ili mtu aingie na kunyoosha mkono tu.

Na kila kazi ilikuwa na baa zake. Wayeyusha chuma walikuwa na zao, wapiga nyundo zao, wanoa visu zao. Mtoto wa mnoa visu hakuingia baa ya wayeyushaji. Si kwamba angepigwa. Wangenyamaza wote mpaka atoke.

Birtles ni mtoto wa mnoa visu, na hilo ndilo lililomponza.

Januari mwaka huu aliitwa kuivunja baa ya Pumziko la Wayeyushaji, huko Attercliffe. Ilikuwa imefungwa tangu Maureen Gelder, aliyeiendesha kwa zaidi ya miaka thelathini, apate kiharusi na kufariki. Kumbe miaka yote hiyo Maureen alikuwa na desturi yake. Myeyushaji akifa na mwili wake kuchomwa kuwa majivu, na familia ikiridhia, aliinua vigae vya meko ya chumba cha wanaume cha kunywea, akammwaga marehemu chini, akarudisha vigae, halafu akamwagia bia kidogo juu yake. Watano walilala pale. Hakuna aliyeandika chochote wala kubandika kibao. Kanisa lingeuliza, na halmashauri ingeuliza zaidi.

"Wote waliokunywa pale walijua," anasema Birtles. "Kila mmoja akadhani na mimi najua. Nani anamwambia mtu kwamba mlango una bawaba?"

Alichokijua yeye ni kitu kingine. Mafundi wa zamani walitandika majivu ya tanuri chini ya vigae vya meko ili vikae sawasawa. Tangu aanze kazi ameinua meko mengi sana, na mengi ameyakuta na majivu chini yake. Kwa hiyo alipoyaona ya Pumziko hakushtuka. Aliyazoa kwa koleo, akajaza ndoo mbili na kuzipakia garini.

Ilikuwa wiki ya barafu kali. Njia ya kuingilia uwanjani kwake iliteleza kama sabuni. Akafanya alichokifanya baba yake na babu yake, na ambacho kila nyumba ya mtaa wake hufanya barafu ikishika: akamwaga majivu njiani, kutoka langoni hadi mlangoni.

"Niliyatandaza vizuri," anasema. Anatazama viganja vyake. "Nilikuwa napiga mluzi."

Bi Enid Staniforth, mwenye miaka themanini na mbili, alikuja mapema Februari. Alishuka kwenye basi, akapita ile njia polepole na mkongojo wake, na kabla ya kuingia akapangusa soli za viatu kwenye mkeka wa mlangoni.

"Asante kwa kumwaga majivu, mwanangu," alisema. "Kwa barafu hii ningevunjika nyonga."

Kisha akasema kilichomleta. Mume wake, Stanley, alikuwa myeyushaji. Alikuwa amekaa chini ya meko ya Pumziko tangu afariki, pamoja na wenzake wanne. Amesikia baa imevunjwa. Amekuja kumchukua.

"Kwa nini ulimweka kule?" Birtles aliuliza, kwa sababu hakupata kingine cha kusema.

"Akiwa hai sikuwahi kumweka nyumbani. Ningemweza akiwa amekufa?" Bi Enid alicheka. "Halafu alikuwa mtu wa kuona baridi. Ukishazoea tanuri, mwanangu, dunia nzima inakuwa kama uko nje. Kila usiku alikuwa ananipachika miguu yake mgongoni. Nikasema akae penye moto huko, na mimi nilale."

Birtles alikuwa anautazama mkeka. Pale Bi Enid alipopangusa viatu palikuwa pamebaki alama mbili za kijivu.

"Yapo, Bi Enid," alijisikia akisema. "Nimeyahifadhi. Nitakuletea mwenyewe nyumbani."

Neville alikuwa karibu, amebeba mlango mgongoni. Alisimama nao hivyo hivyo. "Tangu amwoe dada yangu sijawahi kumsikia akisema uwongo, hata wa bei," anasema. "Nikamtazama. Nikanyamaza. Kwa hiyo na mimi nimo."

Jumamosi iliyofuata Glenys, mke wa Birtles, alimkuta mumewe jikoni, ameinamia ndoo ya majivu ya stovu yao, anachekecha.

"Hilo si chujio langu la unga?"

"Nitakununulia jingine."

"Unatafuta nini humo?"

"Misumari."

Stovu yao huchoma mabaki ya mbao za baa. Alichekecha mpaka majivu yakawa laini, akayatia kwenye kopo la biskuti lenye picha ya farasi. Glenys alikuwa ameshasikia habari yote kwa kaka yake. Alisimama mlangoni akimwangalia mumewe anavaa koti.

"Royston," alisema, "ukitoka na kopo hilo, usirudi ukaniambia umetenda wema."

Alitoka nalo.

Bi Enid alilipokea kwa mikono miwili. Akalipima uzito. "Jepesi," alisema. "Stanley alikuwa mzito kuliko hivi."

"Yamekauka," Birtles akamjibu. "Meko yale yalikuwa na joto sana."

Akisimulia hapo, sauti yake inashuka na inabidi asogelewe ili asikike. "Uwongo wa kwanza ulinitoka kama kikohozi," anasema. "Huo naweza kuuelezea. Lakini huu wa pili niliupika. Nilikuwa na njia nzima ya kuja, nikauweka tayari mdomoni, maana nilijua atasema ni jepesi."

Bi Enid alimkatia keki ya tangawizi, kipande kikubwa, akamsimamia mpaka akimalize. Alisema watu wa siku hizi wangemzoa Stanley na kumtupa kwenye kontena la taka, na kwamba mama yake Birtles alizaa mtu. Akamfungia na kipande cha kumpelekea mkewe.

Glenys hakukiona kipande hicho. Birtles alisimama darajani akakitupa mtoni, na bata wakaanza kukigombania. "Hata bata niliwaonea haya," anasema.

Barafu iliyeyuka. Majivu yakazama kwenye tope, na juu yake yakapita magurudumu ya magari ya wateja. Birtles mwenyewe aliacha kuitumia njia hiyo. Alikuwa akizunguka nyuma na kupanda ukuta, mzee mzima, wateja wakidhani anawakimbia wadai.

Halafu Neville akaleta habari kutoka dukani. Bi Enid amemweka Stanley kwenye meza ya redio. Siku za mpira humwongezea sauti asikie vizuri.

"Na timu yao ikielekea kufungwa anaizima redio," Neville alisema. "Anasema Stanley hakupenda kubaki mpaka mwisho, alikuwa anatoka mapema awahi bia."

Ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Birtles aliweka patasi chini, akachukua kofia yake.

Alipofika, redio ilikuwa inazungumza. Bi Enid alimwonyesha kiti, naye akakataa kukaa.

"Bi Enid, hilo kopo si Stanley."

Alipunguza sauti ya redio. "Ni nani?"

"Si mtu. Ni mbao. Kaunta ya baa moja ya Neepsend, sehemu kubwa."

"Kaunta."

"Na viti kidogo."

"Yaani miezi hii yote nimeisikilizisha kaunta mpira."

"Ndiyo."

"Stanley yuko wapi?"

Akamwambia. Hakuacha kitu: koleo, ndoo, barafu, njia. Alipofika kwenye njia, Bi Enid aligeuka kuvitazama viatu vyake karibu na mlango. Vilikuwa vile vile alivyovaa siku ile.

"Nilikushukuru," alisema.

"Ndiyo."

"Nimetoka kumkanyaga mume wangu, nikakushukuru, na wewe ukaniacha nikushukuru."

"Sikujua, mpaka uliposema. Halafu nikajua, na nikakuacha. Ndiyo."

Bi Enid aliizima redio. Hakupandisha sauti. "Kummwaga kwenyewe ningekusamehe kabla chai haijapoa. Stanley angecheka mpaka akohoe. Maisha yake yote aliogopa kuteleza barafuni, sasa yeye ndiye anawazuia wengine." Akalisogeza kopo mbele yake. "Lakini wewe ulikuja hapa ukala keki yangu. Chukua kaunta yako uondoke."

Aliichukua. Nje, anasema, hakujua aliweke wapi kopo hilo. Hakuweza kulitupa, na kwake asingeweza kurudi nalo. Alikaa nalo garini mapajani mpaka vioo vikafunga ukungu.

Wakati wa Pasaka, Bi Enid alimpigia Neville simu akamwambia aje amchukue kwa gari ampeleke uwanjani. Birtles alikuwa ameshafunga kamba pande zote mbili za njia na kuwaelekeza wateja wapitie uchochoroni. Alikuwa pia ameanza kukwangua tope la juu na kulitia kwenye masanduku, akifikiri ataliosha na kulichuja.

"Unafanya nini?" Bi Enid aliuliza.

"Nataka kumtenganisha."

"Umtenganishe na nini? Na wenzake?" Alielekeza mkongojo kwenye masanduku. "Umeshachekecha vya kutosha. Rudisha."

Akarudisha, yeye na Neville, kwa mikono, wakati mama yule amesimama pembeni ya kamba akiwasimamia kama mnyapara. Walipomaliza akauliza familia za wale wanne wengine zimesemaje. Birtles alisema hajawaambia.

"Mimi ni mlango mmoja," Bi Enid alisema. "Ipo mingine minne."

"Niwaambie nini?"

"Ulichoniambia mara ya pili, siyo ulichoniambia mara ya kwanza. Na uende mikono mitupu. Bila kopo, bila maua. Ukienda na maua watahangaika kutafuta chombo cha kuyawekea, watakuonea huruma, na utakuwa umewaibia tena."

Bi Enid anakubali habari hii iandikwe, kwa sharti kwamba majina yaandikwe kamili. "Lake na langu," anasema, amekaa penye meza ya redio, ambayo sasa haina kitu juu yake zaidi ya redio. Akiulizwa kama amemsamehe Birtles, anasema swali hilo ni la kanisani na leo si Jumapili.

Kwenye ubavu wa gari la Birtles paliandikwa kwa miaka mingi: Mwokozi wa Baa za Kale. Neno la kwanza limefunikwa kwa rangi.

"Nililipenda neno lile," anasema. "Watu wakinitazama vibaya mtaani, nikibeba kaunta ambayo babu zao waliiegemea, nilijiambia mimi naokoa. Wabomoaji wangechoma. Ni kweli wangechoma. Lakini mwokozi huwa anauliza nani yumo ndani. Mimi niliuliza vioo vina bei gani."

Milango mitatu ameshaipiga hodi. Wa kwanza ulifunguliwa na binti wa marehemu, mama wa makamo, ambaye alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, halafu akalia, halafu akamwambia aende. Kwenye wa pili alikuwepo mjane. Alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango bila neno, na Birtles akasikia mnyororo ukiwekwa kwa ndani. Kwenye wa tatu, wana wawili walitaka kuiona njia siku hiyo hiyo. Walimwaga chupa ya bia juu ya njia hiyo, wakanywa ya kwao, na hawakumkaribisha tone.

"Walifanya vizuri," anasema.

Ana mpango. Meko ya Pumziko aliyauza kwa mgahawa wa Leeds, na sasa anabembeleza wamrudishie. Ili kuwalipa ameuza vioo vyake viwili vya bei kubwa kuliko vyote, ambavyo alikuwa amejiwekea kwa ajili ya uzee. Anataka kuyajenga meko hayo kwenye mwisho wa njia, chini ya tao la reli, yawe na paa na benchi, na yawe yanawashwa kweli kila jioni ya majira ya baridi. Njia yenyewe itazungushiwa ukuta mfupi na haitakanyagwa tena. Neville anasema itabidi wapoteze nusu ya uwanja na lango zima.

"Nimemwambia Bi Enid," Birtles anasema. "Amesema nimalize milango kwanza."

Umebaki mmoja, na ndio aliouweka mwisho. Ni wa Gordon Oxspring, mtoto wa Wilf, mtu wa kwanza kabisa ambaye Maureen alimweka chini ya vigae. Gordon naye alikuwa myeyushaji mpaka kiwanda kilipofungwa. Bi Enid alimwonya Birtles kuhusu Gordon. "Huyo atakupiga," alimwambia. "Usijikinge kwa mikono. Vidole unavihitaji."

Jumanne saa kumi jioni gari linasimama mbele ya nyumba ya matofali iliyoshikana na nyingine mtaa mzima. Neville yuko kwenye usukani.

"Niache injini inaunguruma?"

"Zima."

"Shemeji, ukianguka sitakuinua mbele yake. Nitasubiri aingie ndani."

"Sawa."

Birtles hatoki mara moja. Anakunjua kofia yake, anaikunja tena. Anachokitumaini, anasema, hakipo kwenye mlango huu wala kwenye ile mitatu. Hategemei kusamehewa, na kama angesamehewa haraka asingejua aupeleke wapi msamaha huo. "Natumaini siku moja Bi Enid ataniambia nikae," anasema. "Akijua anamkalisha nani."

Anashuka na kupiga hodi. Anayefungua ni mtu mkubwa mwenye soksi za sufu, kikombe cha chai mkononi, na shingo iliyoungua zamani mpaka sikioni.

"Bwana Oxspring," Birtles anasema. "Naitwa Royston Birtles. Mimi ndiye niliyelivunja Pumziko. Nimekuja kuhusu baba yako, na kosa ni langu."

Gordon Oxspring anamtazama kutoka kofia hadi viatu. Anakiweka kikombe chini, ndani ya kizingiti. Kisha anatoka nje na soksi zake kwenye saruji yenye unyevu, anauvuta mlango nyuma yake mpaka unajifunga, na kukunja mikono.

"Sema," anasema.